Hautambulikani: Zaburi 145:3 haikuandikwa kutufunga midomo

Matanga yalikuwa Muyeye, hapa Malindi, chini ya turubai la kukodi, na upepo wa kusi ulikuwa ukilipiga turubai hilo hadi mchungaji akawa anakatiza maneno kungoja litulie. Mchana ule tulikuwa tumemzika binamu yangu. Alikuwa baharia kwenye boti ya tajiri mmoja ambaye simtaji. Mashine ilizimika nje ya mwamba, bahari imechafuka, na ndani ya boti hamkuwa na boya hata moja la kuvaa. Wawili walirudi kwa kuogelea. Yeye aliletwa na maji siku ya tatu.

Mchungaji alifungua Zaburi ya 145 akasoma mstari wa tatu: "Bwana ndiye mkuu mwenye kusifiwa sana, Wala ukuu wake hautambulikani." Akaifunga Biblia kidole kikiwa bado ndani, akasema, basi ndugu zangu, tusiulize. Mambo ya Mungu hayaulizwi.

Shangazi, mamake marehemu, alikuwa mkekani pamoja na wanawake, leso imemfunika nusu ya uso. Akasema, wala si kwa ugomvi, ila kama mtu anayejikumbusha: "Lakini mashine si ilikuwa mbovu tangu Jumatatu? Aliniambia mwenyewe." Mama aliyeketi ubavuni mwake akamshika mkono. "Nyamaza, dada. Mungu mkubwa." Wimbo ukaanzishwa.

Tangu siku ile mstari huo haujanitoka. Mchungaji simlaumu sana. Alikuwa na msiba mbele yake na maneno machache mkononi, na mwenye kufariji hushika lililo karibu. Lakini alichosema sicho mstari unachosema, na tofauti hiyo si ya wasomi peke yao. Inagusa mashine mbovu, inagusa maboya, na hapa Malindi imegusa mambo makubwa kuliko hayo.

Tuanze na neno lenyewe. Msomaji wa Kiswahili akikutana na "hautambulikani" anasikia kutambua, yaani kulijua jambo au mtu ni nani. Maiti ikikaa majini sana twasema haikutambulikana. Kwa hiyo mstari unaingia sikioni kama kwamba ukuu wa Mungu ni kitu kilichofifia sura, kitu ambacho hata ukikitazama hutajua ni nini. Kutoka hapo hadi "basi usitazame" ni hatua moja fupi.

Kiebrania kilichotafsiriwa hapo ni maneno mawili, en heker. En ni "hakuna". Heker ni uchunguzi, upekuzi, kulifuata jambo hadi ndani kabisa. Maneno hayo hayo mawili yamo katika Isaya 40:28, na huko Biblia ileile ya Muungano, iliyotoka mwaka 1952, inasema akili zake Mungu "hazichunguziki". Neno moja la asili, maneno mawili ya Kiswahili. Siwalaumu watafsiri: kutambulikana kuna mwendo mzuri mdomoni, na zaburi ni ya kuimbwa. Ila anayetaka kujenga hoja juu ya neno hilo inampasa ajue limesimama juu ya nini.

Na heker si neno la wanafalsafa, ni neno la kazi. Katika Ayubu 28 kitenzi chake kinatumika kwa wachimba madini wanaoingia gizani chini ya ardhi kutafuta mawe. Katika Waamuzi 18 wanakitumia watu wa kabila la Dani wanapotuma wapelelezi wakaikague nchi. Lililonishtua zaidi ni Kumbukumbu la Torati 13:14. Hapo watu wa mji wamesikia habari ya uovu mkubwa, nao wanaamriwa wasikimbilie kuhukumu wala wasifunike, bali waulize, wachunguze, wapeleleze sana hadi wajue kama ni kweli. Kuchunguza kwa hapo ni kitenzi hicho hicho. Yaani neno ambalo mtunga zaburi analitumia kusema ukuu wa Mungu hauna mwisho wa kuchunguzwa, Torati inalitumia kuwaamuru wanadamu wachunguze mambo ya wanadamu wenzao.

Sasa rudi Muyeye ukae tena mkekani.

Jambo la pili ambalo neno linatupa ni hili: "hakuna uchunguzi" katika sentensi ile si katazo. Haisemi usichunguze. Inasema ukichunguza hutafika chini. Mtu wa bara anaweza kuona ninapasua nywele, lakini mzee mmoja wa Shela (hii Shela yetu ya Malindi, si ile ya Lamu) alinielewa kabla sijamaliza. Ni nahodha mstaafu, Mwislamu, jirani wa marehemu baba yangu. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba, nikamweleza lile neno. Akauliza kama naijua bildi.

Bildi ni kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, ya kupimia kina cha maji. Kabla ya vyombo vya betri kila nahodha alikuwa nayo. Unaitupa mbele ya chombo, unahesabu kamba kwa pima, upana wa mikono miwili iliyonyoshwa, hadi uhisi risasi imegonga. Alinionyesha kwa mikono yake mwenyewe, akinyosha na kukusanya, kamba yenyewe haipo.

"Bildi yangu ilikuwa pima ishirini," akasema. "Ukitoka nje ya mwamba ukaingia kilindini, inakwenda yote, hugusi kitu. Sasa mwanangu, baharia akinijia na habari hiyo, aniambie nini?"

Nikasema, akwambie hakuna chini.

"Kha! Huyo atatuua. Aniambie: ishirini, haigusi. Basi. Chini iko, kamba ndiyo imekwisha. Na kesho naitupa tena."

Sijapata maelezo bora ya en heker kwa mfafanuzi yeyote. Pima ishirini, haigusi. Mtunga zaburi ameitupa bildi yake yote na anatuletea habari hiyo kwa furaha. Nusu ya kwanza ya mstari inasema Bwana ni mwenye kusifiwa sana, na mtu hasifu asichokitazama. Mstari unaofuata unasema kizazi kimoja kitakisimulia kingine matendo yake, na hiyo ndiyo hali ya watu wanaopokezana kamba. Mtu aliyeambiwa anyamaze hana cha kumsimulia mwanawe.

Kuna fundo lingine, nalo nadhani ni gumu zaidi kwetu kwa sababu limo ndani ya lugha tunayoitumia kutwa. Ni neno "mkuu". Wakuu tuliowazoea ni akina nani? Mwalimu mkuu. Mkuu wa kituo. Mkuu wa idara fulani ambaye ukitaka saini yake unakaa kwenye benchi tangu saa mbili hadi adhuhuri, kisha karani anakwambia ameingia mkutanoni. Kiswahili chetu cha mtaani kina hata wingi wake, "wakubwa", nao ni watu wa kuogopwa au kulainishwa. Ukimwona mkubwa mwenyewe bila kupitia kwa mtu, utasimulia wiki nzima. Basi tukisikia Mungu ni mkuu, na ukuu wake hauna kipimo, kichwa kinafanya hesabu chenyewe: kama mkuu wa idara ana benchi moja, huyu ana mabenchi mangapi?

Jirani zetu Waislamu hulitamka jambo hili kila siku katika adhana, na sarufi yake inafundisha. Akbar haiishii kwenye "mkubwa". Ni "mkubwa zaidi", na sentensi haisemi zaidi ya nini. Nafasi imeachwa wazi, weka utakacho, yeye bado ni zaidi. Napenda uwazi huo. Unamwondoa Mungu kwenye ngazi ya wakubwa tuliowazoea. Hakai kwenye kidato cha juu kabisa cha ngazi hiyo. Ngazi yenyewe haimhusu.

Zaburi ya 145 inalifanya hilo kwa njia yake. Baada ya kusema ukuu hauchunguziki, ungetarajia radi, milima ikitetemeka, maadui wakikimbia. Zaburi nyingine zinavyo hivyo. Hii inakwenda kwingine. Mstari wa 9: "Bwana ni mwema kwa watu wote." Wa 14: "Bwana huwategemeza wote waangukao, Huwainua wote walioinama chini." Halafu inakuja habari ya chakula kwa wakati wake, mkono unaofumbuliwa, kila chenye uhai kikishibishwa. Wa 18: "Bwana yu karibu na wote wamwitao." Mkuu huyu hana benchi nje ya mlango. Anayetaka kujua ukuu usiochunguzika ukoje anapelekwa kwa walioanguka, waliopinda migongo na wenye njaa, na huko ndiko zaburi inakoitupa bildi yake.

Na hapa kuna kisa cha herufi iliyopotea, ambacho siwezi kukipita ingawa kitatuchelewesha kidogo. Zaburi hii imetungwa kwa mpango wa alfabeti. Kila mstari unaanza na herufi inayofuata, alefu, beti, kuendelea hadi tau. Watu wa pwani hii hatuhitaji kuelezwa sana: washairi wa Siu na Pate walitunga mashairi ya dini kwa mpango wa alifu na be, mtoto akawa anajifunza herufi na imani kwa pumzi moja. Mshairi akikupitisha herufi zote amekuambia kwamba ametumia kila kitu ambacho lugha ilimpa. Na bado haigusi.

Lakini katika maandishi ya Kiebrania yaliyopokewa na Wayahudi kwa karne nyingi, herufi moja haipo. Kutoka mem tunarukia sameki. Nuni, iliyo kati yao, imeruka. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inahifadhi maelezo ya Rabi Yohanan wa karne ya 3: nuni, alisema, ndiyo herufi inayoanza neno la anguko katika Amosi 5:2, "bikira wa Israeli ameanguka", basi Daudi hakutaka kuliandika. Rabi mwingine baada yake, Nahman bar Isaka, akaongeza kwamba hata hivyo Daudi aliwategemeza walioanguka katika mstari wa sameki, nao ndio ule wa 14, Bwana huwategemeza wote waangukao. Yaani anguko halikutajwa kwenye herufi yake, lakini mkono wa kuinua umewekwa papo hapo kwenye herufi inayofuata. Kisha mwaka 1956 likapatikana pango la 11 huko Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, na ndani yake mlikuwa na hati ya zaburi yenye mstari wa nuni, unaozungumzia uaminifu wa Mungu. Tafsiri ya kale ya Kigiriki nayo ilikuwa na mstari kama huo, ndiyo sababu baadhi ya tafsiri za siku hizi zimeurudisha katika mstari wa 13. Wataalamu wengi wanaona uliruka tu kwenye kunakili. Pengine ndivyo. Mimi nayaweka yote mawili, pango na marabi, kwa kuwa marabi waliuona mstari wa 14 unafanya kazi gani hata kama herufi waliihesabu vibaya.

Tutoke kwenye vitabu. Mkabala na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma baharini ambayo Waitaliano waliyasimamisha kwa ajili ya kurushia roketi. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka mbinguni. Siku ile ilikuwa sikukuu yetu ya uhuru, basi wakaiita Uhuru, kwa Kiswahili hivyo hivyo. Kabla yake miali hiyo ilichunguzwa kwa roketi zilizochungulia nje ya anga dakika chache tu kisha zikaanguka. Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo pekee, ikakaa juu miaka zaidi ya miwili, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimoja, katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, kiliwafanya wataalamu washuku, na baadaye wengi wakubali, kwamba pana shimo jeusi, kitu kizito ambacho hata mwanga hauponyoki.

Silileti hili kama ushahidi wa Mungu. Kuna wahubiri wanaokusanya maajabu ya sayansi kama mtu anayeokota kombe ufukweni, na kila kombe kwao ni hoja. Nalileta kwa sababu vijana wa kwetu huniuliza kama mtu anayeamini Zaburi 145:3 anaweza kusoma fizikia bila kuvunja heshima. Iliyofanyika Ngomeni ni bildi. Walitupa kamba ndefu kuliko zote zilizotangulia, wakasoma namba, wakaandika 339, na namba yenyewe ikazaa maswali yaliyorushiwa setilaiti nyingine baada ya hapo. Kama ukuu ungekuwa wa kukataza kutazama, kila ugunduzi ungekuwa ukiupunguza. Kwa msomaji wa en heker ni kinyume chake.

Sasa nifike mahali nisipopapenda. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, magharibi ya mji wetu, ilianza kufukuliwa miili ya watu waliokuwa wamefuata mafundisho ya kufunga hadi wakutane na Yesu. Ilizidi 400, watoto wakiwamo, na uchunguzi wa maiti ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Kesi ziko mahakamani na si kazi yangu kuziamua hapa. Kwa miezi, magari yalipita mjini na miili ile kuelekea mochari. Sisi tunaoishi hapa hatuwezi tena kusikia "mambo ya Mungu hayaulizwi" kana kwamba ni maneno matamu tu ya faraja. Tumeshaona sentensi hiyo inaweza kubeba nini. Aliyekataza maswali kwa jina la ukuu wa Mungu alikuwa anaulinda ukuu wa nani? Mungu wa zaburi hii, kwa mstari wa 15 na wa 16, anajulikana kwa kuwapa viumbe chakula. Mahubiri yoyote yanayomtukuza kwa kuwanyima watoto chakula yamegongana na zaburi yenyewe mistari kumi na mitatu mbele. Huhitaji Kiebrania kuliona hilo. Unahitaji kuendelea kusoma.

Basi mtu aliyefiwa aufanyie nini mstari huu? Naona pale mkekani palikuwa na maswali mawili, na tuliyafunga kwa kufuli moja.

La kwanza ni lile ambalo kila mama huliuliza: kwa nini yeye, kwa nini Mungu aliyetuliza bahari ya Galilaya hakutuliza hii. Hilo ni swali la kilindini. Nimelitupia bildi mara nyingi na haigusi. Mstari wa tatu unanipa ruhusa ya kusema hivyo bila aibu, bila kumtungia Mungu sababu za bei rahisi, ati alimpenda zaidi, ati alihitaji ua kwenye bustani yake. Hizo sababu huwa zinawaumiza waliobaki kuliko ukimya. Na ruhusa hiyo haimnyimi mama kuuliza tena kesho. Zaburi zimejaa "hata lini?" na hakuna aliyefukuzwa kwa kuuliza.

La pili lilikuwa la Shangazi. Mashine ilikuwa mbovu tangu Jumatatu. Nani aliambiwa, nani alisema nendeni hivyo hivyo, maboya yalikuwa wapi. Hilo halina siri yoyote ya mbinguni. Ni maji ya magotini, hata mtoto anaweza kuyapima kwa mwiko. Kulipeleka kilindini ni kumsingizia Mungu, maana tunachukua uzembe wa mtu mwenye jina na simu mkononi tunauandika kwenye hesabu ya Mwenyezi. Torati iliposema ulizeni, chunguzeni, pelelezeni sana, ilikuwa inazungumza na watu wa maji kama hayo.

Nilimwambia mchungaji sehemu ya haya, wiki mbili baadaye, tukiwa wawili tu kwenye baraza la kanisa. Alinisikiliza. Akasema alipokuwa kijana na mkewe alifariki akijifungua, mstari ule ndio uliomzuia asiende wazimu, na alidhani angewapa wengine alichopewa yeye. Sikuwa na jibu la haraka. Akauliza mstari wa waangukao ni wa ngapi. Nikamwambia wa 14. Akaufungua akausoma kimya, midomo ikicheza.

Juzi Shangazi alinipigia simu niende Muyeye na kalamu. Nilimkuta nje, amekaa kwenye kibao cha mbuzi bila nazi, karatasi ya daftari la shule la mjukuu iko mapajani. Anataka kuipeleka barua kwa kamati ya wavuvi kabla bahari haijatulia na boti hazijaanza kutoka tena kwa wingi. Yeye anaongea, mimi naandika. Nikaanza, kama tulivyofundishwa, kwa salamu na mada na jina la marehemu na siku aliyofariki. Akanisimamisha kwa kiganja.

"Siku aliyofariki wanaijua," akasema. "Anza Jumatatu."